Kichomi cha ghafla mbavuni, watu watatu nyumba moja: kuna anayeujua huu "ugonjwa wa Bornholm"?

#1 Mkaazi wa Umoja

Wadau, hamjambo. Naomba anayejua anieleze. Mume wangu aliamka na homa ndogo na kichwa kinagonga. Kufika mchana akashikwa na kichomi upande wa kulia, chini ya mbavu, kikali hata akawa hawezi kuvuta pumzi yote. Anapumua nusu nusu, akitaka kukohoa anajikumbatia ubavu kwanza. Kinamkaba kama robo saa hivi, kinalegea, tunashukuru Mungu, halafu kinarudi. Tukakimbia hospitali tukijua ni moyo. Wakampima kwa ile mashine ya nyaya, wakampiga eksirei ya kifua, wakatoa damu. Majibu yote safi. Daktari akasema ni virusi vilivyoshika misuli ya kifua na ugonjwa unaitwa Bornholm. Dawa za maumivu, nenda nyumbani ukapumzike.

Sasa hajapona vizuri, shemeji anayekaa nasi naye kashikwa vile vile, ila yeye ni kushoto. Na kifungua mimba wangu analia tumbo la juu, hataki hata kuguswa. Jirani wa ghorofa ya chini anasema tumedanganywa, hiyo ni nimonia na nisipotafuta sindano nitajuta. Ugonjwa huu upo kweli? Na mbona wote watatu?

#2 Dereva wa Thika Road

Pole dada. Jirani yako yuko sawa. Kichomi ni nimonia tangu enzi za babu zetu. Angalia hali ya hewa ilivyo, asubuhi ukungu, jioni manyunyu, na watu wanapanda gari dirisha limekwama wazi. Baridi imewaingia kifuani. Mimi nimebeba abiria miaka, najua ninachosema. Vaa sweta, kunywa tangawizi, na mtafute mtu awadunge sindano kabla haijakuwa mbaya.

#3 Mama Pili

Hapana, hiyo ni gesi na vidonda vya tumbo. Upande wa kulia chini ya mbavu, maumivu yanakuja yanaenda, mtoto anaumwa tumbo. Mmekula nini nyote? Maharagwe ya kibandani yasiyoiva yanaweza kulaza nyumba nzima. Dada yangu alipimwa moyo hospitali tatu tofauti, mwisho ikawa ni tindikali tu inayopanda.

#4 Kijana wa Vyuma

Maji yapo huko kwenu? Nauliza kwa maana mgao ukiwa mbaya huku Umoja watu tunabeba mitungi ya lita 20 mpaka ghorofa ya tano. Ubavu ukivutika vibaya, unaumwa kila ukipumua. Nimeona wengi pale tunaponyanyua vyuma. Baba kabeba, shemeji kabeba. Mtoto ni hadithi nyingine.

#5 Mhasibu wa South B

Samahani, nilisoma haraka nikadhani umeandika ugonjwa wa Donholm, ule mtaa wetu wa hapa Nairobi. Nikaanza kufikiria kuhama, maana ofisi yetu iko karibu na pale mzunguko.

#6 Salama wa Lamu

@Mhasibu wa South B umenichekesha nikiwa kwenye matatu, watu wananitazama. Pole Mkaazi, tunasubiri wanaojua.

#7 Nesi wa Usiku

Mkaazi wa Umoja, pole sana na mgonjwa. Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni kwenye dharura. Ugonjwa huo upo, daktari hakukutungia. Mara nyingi unaletwa na virusi vinavyoitwa Coxsackie vya kundi B, ambavyo viko aina 6. Ni ukoo mmoja na virusi vya polio: vinaingia kwa mdomo na kuzaana kooni na matumboni. Hutoka kwa choo na kwa mate, vikapita kwenye mikono isiyonawiwa, kikombe cha pamoja, nepi ya mtoto, hata kukoholeana kwa karibu. Anayevipata hukaa siku chache bila dalili, kisha homa, kichwa, halafu ghafla kile kichomi. Kwa hiyo watu watatu wa nyumba moja kufuatana ni jambo la kutarajiwa kabisa.

Panapouma ni misuli ya katikati ya mbavu na ya tumbo la juu, si mapafu yenyewe. Ndiyo maana eksirei hutoka safi, na ndiyo maana ukimgusa ubavu anaruka. Maumivu huja kwa mawimbi, dakika 15 hadi 30 kila wimbi, na katikati mgonjwa anaweza kukaa vizuri akaomba chai. Watu wazima hulalamikia kifua zaidi, watoto tumbo zaidi. Mwanao kushika tumbo hakunishangazi.

@Dereva wa Thika Road, nimonia ya kawaida huja na kikohozi, mara nyingi makohozi, homa ya juu, na eksirei huonyesha doa. Hapa eksirei ni safi. Baridi haiwezi peke yake kumpa mtu virusi. Nchi za kaskazini ugonjwa huu huvuma zaidi majira ya joto na mwanzoni mwa vuli, wakati watu wako nje na fulana.

Ila hili nalisema kwa nguvu zote: Bornholm ni jina ambalo daktari hulifikia baada ya kuondoa mengine. Mume wako alipimwa moyo, kifua na damu, na hilo ndilo lililonitia moyo katika habari yako. Mtu asisome uzi huu kisha akajiamulia kitandani kwamba kichomi chake ni virusi tu. Kifua kinachobana na kupeleka maumivu mkononi au kwenye taya, jasho baridi, pumzi kukata, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba, kuzimia: hayo hayangoji kesho.

#8 Mama Pili

Asante Nesi, lakini mbona hakupimwa hivyo virusi vyenyewe? Daktari aliona nini cha kumfanya ataje jina?

#9 Nesi wa Usiku

Kipimo kipo, cha choo au cha kupangusa kooni, ila kwa mgonjwa wa kawaida hakifanywi mara nyingi kwa sababu majibu hayatabadilisha matibabu. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Daktari anaangalia mtiririko: homa, maumivu ya mawimbi, misuli inayouma ikiguswa, vipimo safi, na watu wengine wa karibu wanaougua vivyo hivyo. Ni hukumu ya daktari. Anaweza kuwa sahihi, anaweza kukosea.

#10 Mwalimu Mstaafu

Kwa kuwa Mkaazi aligusia jina, nichangie. Bornholm ni kisiwa cha Denmark katika Bahari ya Baltiki, kiko karibu na Sweden kuliko Denmark kwenyewe. Kina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 588 na wakazi kama 40,000, mji wake mkuu ni Rønne. Mwaka 1930 daktari wa Kidenmarki, Ejnar Sylvest, alikuta huko wagonjwa wengi wenye homa na kichomi cha ghafla, akaandika habari zao kwa makini, na jina la kisiwa likabaki kwenye vitabu vya tiba hadi leo.

Lakini hakuwa wa kwanza. Daktari Daae aliandika juu ya maradhi kama hayo mwaka 1872 kutoka Bamble, kule Norway. Mwaka 1888 daktari Dabney akaandika juu ya mlipuko uliotokea Charlottesville, Virginia, Marekani, na huko watu wakayaita mshiko wa shetani kwa jinsi yanavyomkaba mtu. Yote hayo kabla mtu yeyote hajaviona virusi vyenyewe. Nawaheshimu sana madaktari hao wa vijijini. Hawakuwa na mashine, walikuwa na macho, kalamu na subira ya kwenda nyumba hadi nyumba.

#11 Salama wa Lamu

Kumbe kisiwa kidogo hivyo! Pemba ni kikubwa kukishinda. Sisi watu wa visiwani tunaonewa. Lamu tulipigwa na chikungunya 2004, nusu ya mtaa wetu ilikuwa inatembea imepinda mgongo, na bado watu wa bara mnatutania kuwa tumewaletea.

#12 Dereva wa Thika Road

Mwalimu heshima yako. Lakini nielezeni, ugonjwa wa Denmark umefikaje Umoja? Huyo bwana wa Mkaazi hajawahi kupanda ndege. Hapo ndipo naona daktari alitafuta jina kubwa la kumalizia kazi.

#13 Nesi wa Usiku

Dereva kaka yangu, haukutoka Denmark. Kisiwa kilibahatika tu kuwa na daktari mwandishi. Virusi vya ukoo huu viko dunia nzima, na kwenye nchi za joto huzunguka mwaka mzima. Vinapenda mahali penye watu wengi, maji haba na watoto wadogo. Nairobi tuna vyote vitatu.

Mfano wa jirani kabisa: mwaka 2018 kirusi cha polio kilichotokana na chanjo kilipatikana kwenye maji taka ya Kamukunji, upande wa Eastleigh, bila mtoto hata mmoja kuonekana amepooza hapo. Ndipo mkaona wale wahudumu wakipita na matone nyumba kwa nyumba. Njia hiyo hiyo ya choo hadi mdomo ndiyo inayopitwa na binamu zake wa Coxsackie, ila hao hakuna chanjo tunayopewa.

Na jina Coxsackie nalo ni la mji, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York. Mwaka 1948 Gilbert Dalldorf na Grace Sickles walikuwa wakichunguza watoto wa huko waliodhaniwa kuwa na polio. Walichukua choo chao, wakakitayarisha na kuwadunga vipanya vichanga, wakapata virusi ambavyo havikuwa polio. Haukupita muda mrefu kundi B likahusishwa na kichomi kile cha Sylvest.

#14 Mkaazi wa Umoja

Asanteni nyote, Mungu awabariki. Nesi, kuna jambo nimelikumbuka nikisoma. Kitinda mimba wangu anakaa kwa mama mmoja anayelea watoto mchana, na wiki iliyotangulia alikuwa na vidonda mdomoni na vipele viganjani na kwenye nyayo. Watoto wengine pale walikuwa navyo pia. Yeye alipona haraka, sikutilia maanani. Inaweza kuwa ndiyo chanzo?

#15 Nesi wa Usiku

Swali zuri sana. Vipele vya mikono, miguu na mdomo mara nyingi huletwa na Coxsackie vya kundi A, hasa A16 na A6. Kichomi cha Bornholm mara nyingi ni kundi B, ingawa vya A na ndugu zao wengine pia vimewahi kutajwa. Kwa hiyo yawezekana ni kirusi kimoja kimefanya mambo mawili, yawezekana ni virusi viwili vilivyopita njia moja, mikono ya wale watoto. Bila maabara siwezi kukuambia lipi. La kufanya ni lile lile: kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya nepi na kabla ya chakula, kila mtu kikombe chake na taulo yake. Zile jeli za pombe za kupaka mikononi hazivimalizi vizuri virusi vya aina hii, sabuni ni bora. Najua maji ni ya kununua. Hata mtungi mmoja wenye bomba, uwekwe mlangoni mwa choo, unasaidia.

#16 Mtumishi wa Kayole

Bwana asifiwe. Mwalimu mwenyewe ameandika kwamba Wamarekani waliuita mshiko wa shetani. Hawakuuita hivyo bure. Maumivu yanayokuja na kuondoka, vipimo vinasema hakuna kitu, na yanaruka kutoka mtu mmoja hadi mwingine ndani ya nyumba. Dada, piteni katika maombi kama familia. Nimeona watu wakifunguliwa.

#17 Mwalimu Mstaafu

Mtumishi, maombi hayana ubaya, nami ni mtu wa kanisa. Waliotoa jina hilo walikuwa wanasimulia ukali wa maumivu, hawakuwa wanataja chanzo. Mkaazi na aombe, na dawa anywe.

#18 Mtumishi wa Kayole

Sijasema asinywe dawa, Mwalimu. Nimesema vyote viwili. Tusiwekane maneno mdomoni.

#19 Shujaa wa Selimundu

Naomba niongeze kitu kwa ajili ya watu kama mimi. Nina selimundu tangu utotoni, kwetu ni Siaya, naishi Dandora. Kwa mgonjwa wa selimundu, kichomi cha kifua pamoja na homa ni dharura. Huenda chembe za damu zimeziba mishipa ya mapafu, na mtu anaweza kwenda haraka sana. Nimempoteza rafiki aliyekaa nyumbani akikandwa na maji moto. Kama katika nyumba yako kuna mwenye selimundu, usimwambie asubiri eti shemeji naye alikuwa hivyo akapona. Atolewe usiku huo huo.

#20 Nesi wa Usiku

Asante sana Shujaa. Natamani kila mtu asome #19 mara mbili.

#21 Mpishi wa Buruburu

Mimi naja na habari nyingine. Kakangu aliumwa ubavu mmoja, kulia, kila akivuta pumzi. Duka la dawa la mtaani wakampa vidonge vya maumivu wakisema ni misuli. Akapata nafuu, ikarudi. Wakabadilisha vidonge. Akaanza kutoa jasho usiku na suruali zikawa kubwa kiunoni. Alipopigwa eksirei upande mzima ulikuwa na maji, wakayatoa kwa sindano ndefu, ikawa ni kifua kikuu cha utando wa mapafu. Alimeza dawa miezi 6, za bure, akapona, leo anacheza mpira. Kwa hiyo nikisikia "ni virusi vya misuli, kapumzike", moyo wangu unapiga. Mkaazi, huyo shemeji amepigwa eksirei yake mwenyewe, au mnatumia majibu ya mumeo?

#22 Mkaazi wa Umoja

Shemeji hajaenda hospitali. Alisema ni ule ule wa kaka yake, hakuona haja ya kulipia kitu kinachojulikana.

#23 Mpishi wa Buruburu

Hapo ndipo ninapoogopa.

#24 Baba wa Kawangware

Kuna lingine mmelisahau: mkanda wa jeshi. Mimi ulianza na maumivu upande mmoja wa kifua, kama kuchomwa na waya wa moto, ngozi haina kitu kabisa. Nikapimwa moyo, safi. Siku chache baadaye malengelenge yakatoka kwa mstari kuanzia mgongoni hadi chini ya titi. Mtazameni ngozi kila siku, hasa akiwa na maumivu upande mmoja tu.

#25 Mkemia Mtaratibu

Nafanya kazi duka la dawa, na ninasikitika kusoma #21, kwa sababu kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda tunatakiwa kumwelekeza mtu akapimwe, si kumuuzia vidonge.

Kuhusu dawa. Antibaiotiki hazifanyi lolote kwa virusi, awe amoksilini au azithromaisini. @Dereva wa Thika Road, hiyo sindano unayoisema mara nyingi ni ya maumivu, ndiyo maana mtu huamka anajisikia amepona nimonia ambayo hakuwa nayo. Kwa kichomi hiki ni parasetamoli au bruufeni kwa kipimo kilichoandikwa, maji ya kutosha, mapumziko, na chupa ya maji moto iliyofungwa taulo ikiwekwa ubavuni. Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu akae mbali na bruufeni. Watoto wasipewe aspirini wakiwa na homa ya virusi, inaweza kuharibu ini na ubongo. Na tafadhali msimpe mtoto kidonge cha mtu mzima mkikikata kwa kisu. Ulizeni dawa ya maji na kipimo cha uzito wake.

#26 Kijana wa Vyuma

Narudi kwenye hoja yangu. Hata tukiacha mitungi, kuna ile hali ya gegedu linaloshika mbavu kwenye mfupa wa kati wa kifua kuvimba. Ukibonyeza pale kando ya mfupa wa kifua anaruka. Hiyo ni kawaida sana kwa vijana na si virusi. Kama anaumwa akibonyezwa, moyo umeshaondoka kwenye orodha.

#27 Nesi wa Usiku

Kijana, gegedu kuvimba ni kweli ni jambo la kawaida. Lakini kubonyeza hakutenganishi vizuri. Mwenye Bornholm anaumwa akibonyezwa, mwenye gegedu anaumwa, na nimeshuhudia mtu mwenye shambulio la moyo aliyesema anaumwa akibonyezwa. Tena virusi hivi hivi vya kundi B wakati mwingine huingia kwenye moyo wenyewe au mfuko unaouzunguka. Ni mara chache, lakini yapo. Mwenye mfuko wa moyo uliovimba mara nyingi huumia zaidi akilala chali na kupata nafuu akiinama mbele. Mkaazi, mwulize mumeo hilo, na kama mapigo yanaenda mbio amekaa tu, au anahema kupanda ngazi alizokuwa anapanda zamani, arudi.

#28 Mama Kijacho

Nina mimba ya miezi 8 na nakaa ploti moja na watu wa namna hii. Nifanye nini? Naogopa.

#29 Nesi wa Usiku

Mama, usiogope bali uwe mwangalifu. Wajawazito wengi hupita salama. Hatari kubwa ni kuambukizwa karibu na kujifungua, kwa sababu kichanga akipata virusi vya kundi B katika siku zake za mwanzo anaweza kuvimba moyo au ubongo. Nawa kwa sabuni, acha kubebeana watoto wenye homa kwa sasa, na ukipata homa au kichomi mwambie mkunga wako mapema, usingoje siku ya kliniki. Akizaliwa, wageni wenye homa wamwone kwa picha.

#30 Mwalimu Mstaafu

Tukiwa bado kwenye majina: Nairobi nayo ina ugonjwa wake. Mwaka 1910 uligunduliwa hapa ugonjwa wa kondoo na mbuzi, wa virusi vinavyoenezwa na kupe wa kahawia, na mpaka leo vitabu vya mifugo vinauita ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Na wengi hapa mmewahi kupata jicho la Nairobi baada ya kumponda yule mdudu mwekundu na mweusi kisha mkajipangusa uso. Homa ya Bonde la Ufa iliandikwa 1931 kutoka shamba la kondoo karibu na Naivasha. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, kwa kuwa yanaumiza wakazi na biashara zao. Naona ni ushauri wa haki.

#31 Salama wa Lamu

Kwa hiyo wa bara mna kondoo, Denmark wana mbavu, na sisi tutaachwa na samaki wetu kwa amani. Sawa. Ila Mwalimu, wewe ulifundisha somo gani? Ningekuwa darasani kwako nisingetoroka.

#32 Mkaazi wa Umoja

Narudi na habari. Mume wangu nafuu kubwa, analala chali bila shida, ngazi anapanda. Mtoto anacheza. Shemeji ndiye tatizo. Kifua kilikuwa kimetulia, sasa homa imerudi, na amemwambia kaka yake kwa aibu kwamba korodani moja imevimba na inauma. Mimi nimesikia kupitia mume wangu. Hii nayo ni ya Bornholm, au ni kitu kingine kabisa?

#33 Dereva wa Thika Road

Hiyo ni matumbwitumbwi dada! Hapo sibishani na mtu. Mashavu yake yamevimba?

#34 Nesi wa Usiku

Mkaazi, aondoke nyumbani sasa hivi, usiku huu. Korodani inayouma ghafla inaweza kuwa imejisokota, na ikiwa hivyo ina saa chache tu kabla haijafa. Mvimbo wa polepole wenye homa mara nyingi ni uvimbe wa maambukizi, na kweli Coxsackie vya kundi B hufanya hivyo kwa baadhi ya wanaume. @Dereva wa Thika Road, matumbwitumbwi pia yanawezekana, hujakosea kuyataja, chanjo ya kawaida ya watoto hapa Kenya ni ya surua na rubela, haina kinga ya matumbwitumbwi. Maambukizi ya zinaa nayo yapo kwenye orodha, na aulizwe faragha, mbali na masikio ya shemeji yake. Na wakishamaliza huko chini wampige eksirei ya kifua, kama Mpishi alivyosema.

#35 Mkaazi wa Umoja

Wametoka, kaka yake anampeleka kwa boda.

#36 Mkaazi wa Umoja

Wamerudi asubuhi. Haikujisokota, damu inapita, wamepima kwa ile mashine ya picha ya mawimbi. Eksirei ya kifua safi, Mpishi upumue. Wamechukua mkojo na damu. Huyu daktari wa leo hakusema Bornholm, amesema virusi bila kutaja vipi, halafu akasema pia hawezi kuondoa matumbwitumbwi. Amepewa dawa za maumivu na kuambiwa alale na avae chupi ya kubana.

#37 Mama Pili

Tunashukuru. Bado nasema yale maharagwe yachunguzwe.

#38 Kijana wa Vyuma

Mama Pili, maharagwe hayavimbishi huko. Mpe shemeji pole zetu, na mtungi wa maji leo abebe mtu mwingine.

#39 Fundi wa Komarock

Nimeingia leo kutafuta kuhusu kichomi. Mimi kimenianza alfajiri, katikati kuelekea kushoto, kinabana zaidi ya kuchoma. Homa sina. Nina miaka 52, navuta sigara. Hapa jirani yangu naye aliumwa mbavu wiki iliyopita kwa hiyo nadhani ni hii hii. Ninunue bruufeni?

#40 Nesi wa Usiku

Fundi, funga simu. Usimeze bruufeni, usiendeshe, usitembee kwenda stejini. Mwamshe mtu wa karibu akutafutie gari, uende hospitali iliyo karibu yenye mashine ya kupima moyo. Mlangoni sema neno "kifua" kabla ya jina lako. Tuandikie ukishapimwa.